Gauni Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tano paa lilikuwa linavuja juu ya cherehani yangu, wala si juu ya meza ya mume wangu. Mvua nayo ina upendeleo.

Hili lilikuwa daftari la vipimo, likabaki na kurasa nyingi tupu. Nimeamua kuandika humu yanayonikera na yanayonichekesha mpaka masika yaishe, maana mume wangu akiwa na mkasi mkononi anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, hata ukimwambia nyumba inaungua. Wateja wanamwita Sentimita. Sebule yetu ndiyo karakana: yeye anakata na kushona suruali, mashati na sare za shule, mimi nashona magauni na nguo za watoto. Mama Pasi anakuja kila siku kunyoosha nguo na kutuletea habari za mtaa mzima, ziwe za kweli au zisiwe.

Jumatano, Machi 5

Mama mkwe amefika na mabegi matatu. Nyumba yake inavuja kuliko yetu, kwa hiyo atakaa hapa mpaka mvua iishe. Kabla hata ya kuvua viatu alimnyanyua Bosi, mwanangu wa mwaka mmoja na mwezi, akampima uzito mikononi, kisha akanitazama tumboni. Akauliza mdogo wake Bosi yuko wapi.

Mume wangu akacheka, akasema yuko njiani. Yeye anataka wanne, kila mmoja na upande wake wa meza ya kukatia. Mpaka sasa pande mbili zimepata wenyewe: binti yetu wa miaka saba na huyu Bosi. Utani huu ameurudia mara nyingi mno, na kila mara mimi nainamia cherehani na kukanyaga kwa nguvu.

Ijumaa, Machi 7

Sare thelathini na mbili. Mgongo si wangu tena.

Jumatatu, Machi 10

Leo wote wametoka, niandike basi ninalolificha. Mama mkwe hasomi bila miwani, na miwani ameisahau kwake. Mume wangu hasomi kitu kisicho na namba.

Tangu Bosi ana miezi minne nachomwa sindano ya miezi mitatu, ile ya kuzuia mimba. Mume wangu hajui. Nilipomzaa Bosi nilitoka damu nyingi mpaka nikaanza kuwaona watu wa chumbani kama wako nyuma ya pazia. Nesi alisema nipumzike angalau miaka mitatu, vinginevyo nitajiweka hatarini. Alipoanza kueleza njia za uzazi wa mpango, mume wangu aliinuka akatoka bila neno. Nikajua hapo hapo kwamba hataki kusikia. Sikumuuliza tena, nikaenda peke yangu.

Kazi ni kukumbuka tarehe. Kadi siwezi kuiweka nyumbani, imebaki kituo cha afya kwa nesi. Kwa hiyo naandika kwenye kitabu chetu cha oda: gauni la mtoto wa mwaka mmoja, mteja ni mama wa ghorofani, kuchukuliwa tarehe fulani. Siku ya kuchukua gauni ndiyo siku ya sindano. Nikirudi nakata mstari, oda imekwisha. Mtaani kwetu hakuna ghorofa hata moja, lakini mume wangu hajawahi kushtuka. Oda ya nne ni Jumanne ya wiki ijayo.

Jumanne, Machi 18

Niliaga kwamba naenda kununua vifungo. Kila nikienda kituoni naaga hivyo, na ili nisirudi mikono mitupu nanunua kweli. Vifungo tulivyo navyo sasa vinatosha kuvalisha jeshi.

Foleni ilichukua saa mbili na nusu. Benchi lile lile, wanawake wale wale tunaojifanya hatujuani. Aliyekuwa mbele yangu alijifunika mtandio mpaka puani. Alipogeuka nikaona ni mwalimu wa binti yangu. Tukasalimiana kama tumekutana sokoni, akaniuliza hali ya hesabu za mtoto nyumbani, nikamwambia zinaendelea vizuri.

Nesi alipotufikia alisema sindano zimekwisha, gari la dawa limekwama njiani kwa sababu ya mvua. Akaangalia kadi yangu, akaniambia kinga haikatiki siku hiyo hiyo, nina wiki chache, ila nisikae sana. Kwa sasa akanipa pakiti ya kondomu. Nikamuuliza nyumbani nitaieleza vipi. Akasema hilo hakulisomea.

Sikukata mstari kwenye kitabu. Oda bado ipo.

Alhamisi, Machi 20

Nguo hazikauki. Mama ameweka kiti mlangoni, anatazama kamba ya nguo kutwa nzima.

Jumatatu, Machi 24

Mama Pasi leo alikuwa na habari ya jirani mmoja aliyeonekana akitoka kuchomwa sindano. Akatufundisha yote anayoyajua. Damu haitoki tena, inapanda kifuani na kugeuka jiwe. Kuna mwanamke alichomwa mwaka mmoja, akaja kusubiri mtoto miaka saba. Mwingine alinenepa mpaka wakampanulia mlango. Nilimuuliza ni mwanamke gani huyo, akasema "wapo."

Mume wangu aliinua kichwa mezani, akauliza kama hayo ni kweli. Sikuweza kuisoma sauti yake. Mama Pasi akaapa. Ndipo Mama mkwe akamuuliza yeye ana watoto wangapi. Sita. Na je, aliwahi kuchomwa hiyo sindano? Mama Pasi akasema hapana, yeye anaogopa sindano. Tulicheka mpaka Bosi naye akacheka bila kujua kwa nini.

Nilicheka na wenzangu, lakini kweli nina miezi kadhaa sioni siku zangu. Nesi alishanieleza kwamba ni kawaida ya sindano hii na hakuna kinachoganda popote. Namwamini nesi. Bado nilijigusa kifua nilipokwenda kuchota maji.

Jumanne, Aprili 1

Nimejaribu tena. Maji yamefunika daraja, nimegeuka. Niliporudi bila vifungo mume wangu alishukuru.

Alhamisi, Aprili 3

Mama amenikataza kubeba ndoo. Hakusema sababu.

Jumamosi, Aprili 5

Sababu nimeijua. Asubuhi Mama alinivuta uani, akanishika mikono yote miwili. Akasema yupo hapa mwezi mzima, ameitazama kamba ya nguo kila siku, na kitu ambacho kila mwanamke hukianika mara moja kwa mwezi hajakiona. Macho yake ni ya uzee, alisema, lakini hesabu hiyo hayajawahi kuikosea.

Ningefanyaje? Kukataa mimba ni kueleza kwa nini sioni siku zangu, na kueleza ni kuitaja sindano. Nikatabasamu kama zuzu. Mama akanikumbatia, akaahidi hatamwambia mwanawe, nimwambie mwenyewe nitakapokuwa tayari. Sijawahi kukumbatiwa hivyo na mwanamke huyu, na nilijisikia vibaya sana.

Jumanne, Aprili 8

Sijafua. Sijachota maji. Nimepewa kiti chenye mto. Nakiri kwamba dhambi hii ina raha zake.

Ijumaa, Aprili 11

Siku ya leo sitaisahau.

Nilitoka dukani na uzi, nikaingia, nikakuta gauni dogo la njano linaning'inia juu ya meza. Kola ya duara, mikono ya puto, pindo limekunjwa kwa mkono. Mume wangu alikuwa amesimama kando yake kwa maringo. Akasema kwamba kwa kubanwa na sare nimeisahau oda ya mama wa ghorofani, imepita wiki tatu, na yeye hataki nitukanwe na mteja. Basi amechukua vipande vilivyobaki, akaishona mwenyewe tangu alfajiri. Na yeye nguo za watoto huwa hazigusi, anasema zinamtoa jasho kwa udogo wake.

Nilitaka kumbusu, nikataka pia ardhi inimeze. Kabla sijachagua, Mama akaingia. Aliliona gauni, akapiga makofi, akamkumbatia mwanawe kwa nyuma.

"Kumbe ameshakwambia," akasema.

"Ameniambia nini?"

"Habari ya tumbo, mwanangu. Si unamshonea mgeni?"

Mama Pasi alisahau pasi juu ya kola ya shati la shule. Tulianza kusikia harufu. Mimi nilimtazama mume wangu tu. Hakucheka. Hakusema neno hata moja la meza na pande zake nne. Uso ulimwishia rangi, akakaa juu ya lundo la vitambaa vilivyokatwa, vitambaa ambavyo hamruhusu hata paka kuvisogelea. Kisha akainuka akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Mama akasema mwanaume akizidiwa na furaha hukosa maneno. Lakini mimi niliuona uso ule. Haukuwa wa furaha, ulikuwa wa mtu aliyeogopa, na sikuelewa anaogopa nini.

Jumamosi, Aprili 12

Jana alirudi amelowa chapachapa, akakataa chakula. Leo asubuhi Mama aliwachukua watoto akaenda nao kwa jirani, kwa makusudi naona, ili tupate nafasi. Mvua ilikuwa kubwa, hakuna mteja wa kututembelea. Tukabaki wawili na gauni la njano.

Sentimita hawezi kuzungumza mikono ikiwa mitupu. Akachukua kitabu cha oda, akasema amtafute mama wa ghorofani ampelekee mzigo wake. Akaanza kufunua kurasa kwenda nyuma. Akasimama. Akafunua tena. Nikaona kidole chake kinatembea kwenye mistari niliyoikata.

"Mama Bosi," akasema polepole, "mtoto huyu hakui?"

Nikainamia cherehani.

"Juni ana mwaka mmoja. Septemba ana mwaka mmoja. Desemba. Machi. Kifua kile kile, urefu ule ule. Anakula nini?"

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, halafu kicheko kikageuka machozi. Nikamwambia yote. Sindano, foleni, vifungo, kadi iliyoko kwa nesi, gari la dawa, daraja. Nilimwambia pia kwamba nilifanya siri kwa sababu alitoka chumbani siku ile nesi alipotaka kutueleza.

Akafunga kitabu. Nilitegemea anilaumu kwa sindano.

"Umekidanganya kitabu," akasema. "Miaka kumi sijaandika humo hata kipimo kimoja cha uongo."

"Nisamehe."

"Kwa hiyo mimba huna?"

"Sijui, Baba Bosi. Nimechelewa sindano karibu mwezi. Inaweza kuwepo, inaweza isiwepo."

Akaweka kitabu chini.

"Siku ile sikutoka kwa sababu sitaki kusikia," akasema. "Nilitoka kwa sababu shuka lako lenye damu lilikuwa bado sakafuni. Nilifika koridoni nikaanguka. Muulize nesi, ndiye aliyenimwagia maji."

"Na wale wanne wa meza?"

"Hayo ni maneno ya kusema mbele za watu. Mtu akiniuliza nimjibu nini? Kwamba naogopa mke wangu asije akafa?" Akajifuta uso kwa kitambaa cha suruali ya mteja. "Jana nilitembea mpaka ng'ambo ya soko. Nilikuwa najiuliza watoto nitawalea vipi peke yangu. Ulikuwa hujafa, na mimi nimeshakuzika."

Mwaka mzima nimekaa na mtu huyu, tunashona mgongo kwa mgongo, kila mmoja ana hofu ile ile na anaificha kwa mwenzake. Nilimkumbatia pale pale kati ya sare. Furaha niliyoisikia, ingawa mimba ilikuwa bado haijulikani, sijawahi kuisikia tangu harusi yetu.

Baadaye alichukua rula na kalamu nyekundu, akazikata oda zote nne, hata zile nilizokwisha kuzikata. Amesema hanisemeshi mpaka jioni kwa kosa la kitabu. Alivumilia mpaka saa saba mchana.

Jumapili, Aprili 13

Mama anatuona tunachekeana na anaimba.

Jumatatu, Aprili 14

Tumekwenda wote wawili. Daraja limefunguliwa. Alivaa shati lake la harusi za watu na tepu amesahau kuitoa shingoni. Benchi zima la wanawake likageuka kumtazama. Mwalimu wa binti yetu alikuwepo tena, safari hii bila kujifunika, akamsogezea nafasi.

Nesi aliponiona naye alicheka. Akamuuliza kama leo ataanguka, ili aandae ndoo kabisa. Mume wangu akatazama ukuta. Nikaelewa kwamba nesi alikuwa anajua siku zote, na kwamba laiti ningemuuliza swali moja tu, nisingenunua vifungo vyote vile.

Kwa kuwa nimechelewa, lazima nipimwe mimba kwanza. Nikapewa kikombe, nikarudisha, tukaambiwa tusubiri dakika tano. Dakika tano zile zilikuwa ndefu kuliko foleni. Mume wangu alivua tepu, akapima benchi. Sentimita mia mbili na kumi. Akapima tena. Nilimwambia mimba ikiwepo nitazaa tu, nitahudhuria kliniki zote na hatutakaa mbali na hospitali. Akasema, "Nitakuwa chumbani. Nikianguka, nianguke chumbani." Halafu akapima benchi mara ya tatu.

Nesi akatoka, akasema hakuna mimba.

Sentimita alisimama, akakaa, akasimama, akamshukuru nesi, akamshukuru mwalimu, akamshukuru mzee mmoja aliyekuja kutibiwa jino. Mimi nililia kwenye mtandio wa mwalimu.

Kisha nesi akatupangia mezani: vidonge vya kila siku, sindano, kitanzi, kijiti. Akaeleza uzuri wa kila kimoja na usumbufu wake. Akauliza nachagua nini. Mume wangu akafungua kinywa, nesi akamwambia, "Nimemuuliza mwenye mwili." Nikachagua kijiti. Kinakaa miaka mitatu chini ya ngozi ya mkono, hakisubiri gari la dawa wala daraja, na nikitaka mtoto kinatolewa. Mume wangu akauliza urefu wake. Sentimita nne. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Hakuanguka. Alinishika mkono wa pili na kutazama dari.

Jumanne, Aprili 15

Nilisema nitamwambia Mama mimi. Mume wangu akasema hapana, maneno ya meza aliyasema yeye, atayaondoa yeye. Wakati wa chai akamwambia mama yake: mimba hakuna, haikuwepo, na kwa miaka mitatu haitakuwepo, kwa sababu ananitaka mimi mzima kuliko anavyomtaka mtoto wa tatu. Alisema haraka, macho kwenye kikombe, lakini alisema.

Mama akakisukuma kikombe chake kando.

"Kwa hiyo wiki mbili nimebeba ndoo bure," akasema. Akaingia chumbani.

Ijumaa, Aprili 18

Mama hanisemeshi. Nimerudishiwa ndoo zangu na mto umeondolewa kitini.

Jumatatu, Aprili 21

Mama Pasi aliniomba tuzungumze pembeni. Nilidhani ni jiwe la kifuani. Aliuliza tu kama kijiti kinauma wakati wa kuwekwa, na kama mtu anaweza kufumba macho.

Jumamosi, Aprili 26

Mwalimu amelinunua gauni la njano kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Limemkaa sawasawa. Sentimita amevimba kichwa, sasa anataka kushona nguo za watoto. Nimemkatalia.

Alhamisi, Mei 8

Mvua inakatika. Mama alizungumza na wifi yangu kwenye simu kwa muda mrefu sana. Wifi ana watoto wanne, mkubwa ana miaka sita, mdogo ana miezi mitatu, na mumewe hapendi kusikia mambo ya kliniki. Mama akakata simu. Kisha akaniita, neno la kwanza tangu ile chai.

Akataka kuuona mkono. Akapapasa kile kijiti kwa kidole gumba, mbele, nyuma, kama mtu anayekagua mshono.

"Na bado unashona vilevile?"

"Vilevile, Mama."

"Nilibeba mimba tisa mimi," akasema. "Waliobaki ni wawili. Hakuna aliyewahi kuniuliza nataka au sitaki." Akaniachia mkono, akaenda kuchukua ndoo. Nilimfuata nimpokee, akanisukuma kando.

Alhamisi, Mei 15

Jua siku nzima. Tumeanika kila kitu, mpaka magodoro. Mume wangu alinichezesha katikati ya karakana na binti akatupigia makofi.

Jumamosi, Mei 24

Leo Mama amerudi kwake. Tulimsindikiza mpaka kituo cha basi, mimi na mwanawe na mabegi matatu ambayo sasa ni manne. Basi lilipofika akamtuma mwanawe akamshikie kiti cha dirishani. Alipopotelea ndani, Mama akanisogelea sikioni.

"Wifi yako atakuja Jumatano. Mumewe ameambiwa anakuja kushonewa nguo."

"Nguo gani, Mama?"

"Fundi ni wewe. Mpeleke kwa yule nesi wako, amsikilize mwenyewe, achague mwenyewe. Umrudishe kabla ya saa kumi."

Nilimshika mikono yote miwili, nikamwambia basi aje na kitambaa, ili akirudi awe na gauni la kuonyesha.

"Nimeshamnunulia, mita tatu," Mama akasema, akikanyaga ngazi ya basi. "Na wewe mshonee kweli. Binti yangu hajavaa gauni jipya tangu aolewe."